Mgeni wa Mama Amongin

Fenwick alipiga magoti uani kabla hajapewa kiti.

"Mzee, inuka! Utachafuka," Mama Amongin alishtuka, ungo wa mtama ukamponyoka. "Wewe ni nani?"

"Fenwick. Mwanao Chrispine alikuwa dereva wangu kule Khartoum."

Mama alimkazia macho. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa bega kwa woga. "Fenwick yule wa ubalozi wa Uingereza?"

"Ndiye mimi."

Barabarani, malori ya mpakani Malaba yalinguruma kwenye foleni ya kwenda Uganda. Fenwick alikuwa ametembea nchi nyingi na kukaa meza moja na majenerali, lakini maneno aliyoyaleta kwenye boma hili yalikuwa yamemlemea tangu Nairobi.

"Mama, mizinga ilipoanza kulia nilimtuma Chrispine mjini na gari atafute dizeli, tutoroke pamoja. Nikamwahidi nitamngoja. Alipoondoka tu nikapigiwa simu kwamba ndege ya kutuhamisha iko tayari. Ningeweza kukataa. Nikachukua begi langu, nikapanda. Kwetu walinisifu kwa ujasiri, nikanyamaza. Simu yake haikupatikana tena. Nilimtuma mtoto wako motoni, halafu nikamwacha."

Mama Amongin hakulia. Aliketi chini palepale, juu ya mtama uliomwagika.

"Nitukane," Fenwick akasihi. "Nifukuze. Nastahili."

"Mimi nikutukane? Mzee, sisi hapa tulikuombea mpaka kanisani. Jina lako lilisomwa mbele ya watu wote."

Fenwick aliinamisha kichwa. Wema huo ulimchoma kuliko tusi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama akageukia jikoni, akaita kwa ukali ambao mgeni hakuutarajia: "Chrispine! Toka huko. Toka useme mwenyewe!"

Mlango wa mabati ukafunguka taratibu. Chrispine akatoka, mzima wa afya, akasimama mbali, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu yake.

"Boss, dizeli niliipata," akasema. "Nikajaza tangi, nikashika njia ya Ethiopia. Nyumbani nikawaambia umekufa, nimekuzika kwa mikono yangu."