Doa la Kijani

"Kaka, ukizimia hapa sikubebi," dada alisema. "Una uzito wa gari la mafunzo, na mimi kusukuma magari nimeshachoka."

Mwokaji hakumsikia. Alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo cha maabara, pumzi zikitia ukungu. Akaufuta kwa kiwiko, akatia mwingine. Mtu mzima, mabega kama mlango, mikono iliyozoea kuvuta trei za moto tanuruni.

Upande wa pili wa kioo palikuwa na mashine ndogo isiyozidi jiko la mezani. Haikuwa na mlio wala kishindo, ila ilikuwa na jicho. Jicho hilo lilikuwa likizitazama seli za damu, likizipiga picha na kuzihesabu, na picha zikitokea kwenye skrini ukutani. Mtaalamu wa maabara alikwishawaeleza kwa lugha nyepesi: yenye doa la kijani ndiyo tunayoitaka. Yenye madoa mekundu matupu ni ya zamani, ya wakati wa ugonjwa. Hizo zikijitokeza, tumerudi tulikotoka.

"Kijani," mwokaji alinong'ona. "Kijani tena. Ile pale... ile nayo kijani, au macho yangu?"

"Si taa ya barabarani hiyo? Ikiwa kijani, pita!"

Dada mtu alikuwa mwalimu wa udereva, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuja na wigi la zambarau, barakoa iliyochorwa midomo minene, na mfuko wa mikate midogo ambayo kaka yake aliioka alfajiri kwa kukosa usingizi. Kila nesi aliyepita aligawiwa mkate na mzaha. Mzee mmoja alipoanza kukohoa kwenye benchi, mwokaji alimshika dada yake mkono, wakasogea mbali kama walivyoagizwa.

"Umeniambukiza woga wewe," dada alisema. "Jana mende kapita jikoni, nikajikuta nimepanda juu ya kiti. Mimi! Niliyekuwa nawakanyaga huku naimba!"

"Woga hauambukizwi."

"Wa kwako umo kwenye damu, kaka."

Akacheka peke yake mpaka akajishika mbavu. Mwokaji alitamani kucheka naye, lakini kicheko kilimkimbia tangu siku ile alipolazwa kifudifudi, wakamtoboa nyonga kwa sindano nene. Baada ya hapo alikanda unga akichechemea, na wateja wakamtania kwamba anacheza dansi. Maumivu hayakumkera. Kilichomkera ni kuwaza kwamba mwili wote huu, uliomshinda hata fundi nguo, unaweza kushindwa kazi moja tu uliyoombwa. Na sasa damu yake ndiyo iliyokuwa mle ndani, chini ya lile jicho.

"Zikiwa zimekataa," alisema polepole, "mama nitamwambia nini?"

Dada akasogea karibu. Akamfuta jasho la shingoni kwa ncha ya mtandio wake.

"Mwambie umejitahidi. Mengine niachie mimi."

Mle ndani picha zikasimama. Mtaalamu akainuka kitini, akaisogelea skrini, akamwita daktari. Vichwa viwili vikainama mbele ya seli moja. Ilikuwa na doa jekundu. La pili halikuonekana.

Mwokaji akashika ukingo wa dirisha. Dada akamshika mwokaji.

Mtaalamu akagusa kitufe hiki, akagusa kile. Picha ikafifia, ikang'aa, ikatulia. Nyuma ya lile jekundu likachungulia doa la kijani, kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia akashindwa kuvumilia.

Mashine ikaendelea na hesabu yake, kijani baada ya kijani, mpaka skrini ikaandika kwamba imemaliza. Daktari, mama wa makamo ambaye hospitali nzima haikuwahi kuyaona meno yake, akatoka nusu anatembea nusu anakimbia, koti likipepea.

"Kijani tupu!" alisema, na meno yote yakaonekana. "Hatukuona hata moja ya zamani!"

Mwokaji akapiga yowe lililowatoa manesi vyumbani. Akamnyanyua daktari juu juu, akamzungusha, akamtua. Akamwona mtaalamu mlangoni, naye akanyanyuliwa, miwani ikabaki ikining'inia sikio moja. Mfuko ukapasuka, mikate ikabingirika sakafuni. Yule mzee wa kikohozi akapiga makofi kwa nguvu zake zote, kisha akamuuliza jirani yake kuna nini.

"Nimeweza!" mwokaji alilia na kucheka kwa pamoja. "Jamani, nimeweza! Mwambieni mama nimeweza!"

"Umeweza, baba, umeweza," daktari alisema huku akihema na kujiweka sawa kola. "Sasa nipishe kidogo, nimpongeze mgonjwa."

Akampita mwokaji, akaenda kumkumbatia mwalimu wa udereva.

"Seli zako zote za damu sasa ni za kijani, yaani za kiume, bibie," akamwambia. "Uboho wa kaka yako tuliokupandikizia umekubali."