Doti ya Bi Hadia

Tangu Shamte amwambie mama yake, Bi Hadia, kwamba anataka kumwoa Zamda, keshia wa duka kubwa la mjini, mama huyo hakutamka neno. Leo Bi Hadia alisimama mbele ya Zamda, uso kaukunja, akaweka doti ya kanga kwenye kaunta. Zamda aliipitisha kwenye mashine. Bi Hadia akalipa.

"Una mkasi, mwanangu?"

Akaikata doti katikati. Kanga moja akaitia kikapuni, ya pili akamsogezea Zamda.

"Ijumaa tunakuja kwenu kuposa. Tuvae sare."

Akaenda zake.

Zamda akajitanda kanga yake, akavuta sukari ya mteja aliyefuata. Mashine ikalia, ikalia tena.

"Dada, sukari ni moja tu," mteja alisema.

Zamda, macho mlangoni, akaipitisha tena.