Watoto wa Nyantende Wamepotea Tena

Asubuhi ile watoto wa Nyantende walikuwa wamepotea tena, wote, hakubaki hata mmoja.

Vijijini kwao walikuwepo, wakikimbizana kwenye matope. Walikopotea ni ndani ya kompyuta ya Rosette, ghorofani katika jengo la serikali ya mkoa, Bukavu. Majina yao aliyaandika mwenyewe, moja moja. Sasa alikuwa akitazama ukurasa mweupe, na chai yake imepoa.

Programu ile ya mtandaoni ilikusudiwa kumpatia kila mtoto cheti cha kuzaliwa bila mama yake kushinda kwenye foleni za mjini. Ilikwisha kupita hatua zake: kusikiliza mahitaji ya watu, kuchora, kuandika, kujaribu. Kila hatua ililipiwa na wafadhili, ikafungwa kwa semina katika hoteli ya kando ya ziwa, kwa sala na picha ya pamoja. Ilibaki moja tu, kuifungulia umma. Na kila walipoikaribia hiyo, watoto walipotea.

Mkuu wa mradi, Papa Grégoire, alikuja akamwekea mkono begani.

"Pole, binti yangu. Nitaambia bafadhili tunarudi mu majaribio. Mungu iko."

Rosette nusura alie. Huyu ndiye aliyempa kazi alipokuwa akitembeza diploma yake ofisi kwa ofisi, mpaka bahasha ikachakaa. Wengine walimwuliza anamjua nani. Papa Grégoire alimwuliza anajua nini.

Basi akapanda tena gari la mradi, akaenda Nyantende kuandika upya. Maman Consolate alikuwa uani akipukuchua maharagwe. Safari hii hakumtolea kiti. Binti yake, Camille, alikuwa amekwisha kukosa mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka uliopita kwa sababu ya hicho cheti, na vyeti vya kuandikwa kwa mkono vilikuwa vimesimamishwa, eti mashine inakuja.

"Munamuzala mutoto wangu mu ile mashine yenu, munamuzika," alisema Maman Consolate bila kuinua macho. "Munamuzala, munamuzika. Mimi nilimuzala mara moja tu."

"Maman, naapa. Hii mwaka Camille atafanya mtihani."

"Usiape, mutoto ya watu. Andika tu."

Rosette akaandika. Njiani kurudi, hasira yake ilitafuta mtu, ikampata Hugues.

Hugues alikuwa fundi wa seva, mtu wa maneno machache na uso uliokunjamana. Semina hakwenda, picha hakupigwa. Kila Rosette alipotangaza kwamba wamekaribia kumaliza, wenzake walipiga makofi, naye Hugues alitikisa kichwa na kurudi kwenye nyaya zake.

Rosette alimfuata hukohuko, akamwita kwa heshima, kama kaka mkubwa.

"Yaya Hugues, ba watoto banaendaka wapi?"

Hugues aliweka bisibisi chini.

"Mudogo, usikuwe na haraka. Hapa mutu ya haraka hadumu."

Damu ikampanda Rosette. Mtu anamtishia mchana kweupe! Akaenda moja kwa moja kwa mkuu.

"Papa, ni Hugues."

Papa Grégoire alivua miwani, akaifuta polepole.

"Uko na hakika?"

"Mot de passe ya kufungulia ile mashine tuko nayo watu watatu tu. Mimi na weye, Papa, tunajijua."

Papa Grégoire alishusha pumzi kama mtu aliyetwishwa gunia la saruji. "Inaniuma," alisema. "Lakini kama ni hivyo, ataenda."

Ijumaa Hugues alishuka ngazi akiwa amekumbatia katoni yenye vitu vyake. Mkewe alikuwa amejifungua majuzi tu, ofisi nzima ilijua. Hakubishana na mtu, wala hakumtazama Rosette. Kitu kilimchoma Rosette moyoni, akakinyamazisha kwa kumkumbuka Camille.

Kisha akawaza: mwizi umemfukuza, lakini ufunguo bado anao kichwani. Akaketi, akabadilisha neno la siri palepale. Papa Grégoire alikuwa amekwisha ondoka kwenda kwenye harusi. Atampa lile jipya Jumatatu.

Jumatatu Rosette alifungua kompyuta. Watoto walikuwepo. Aliteremka ukurasa baada ya ukurasa, na wote walikuwepo, Camille akiwa katikati yao na tarehe yake ya kuzaliwa, jina la baba na jina la mama. Akabonyeza. Mashine ya kuchapa ikakohoa, ikatema cheti, kizima, na alama ya jamhuri juu yake.

Rosette alikimbia nacho kingali na moto. Alisahau hata kubisha hodi.

"Papa! Bako wote! Nilibadilisha mot de passe Ijumaa, hakuna mutu aligusa. Naweza kufungulia watu leo leo, mbele ya inscription ya mtihani kufungwa, Camille naye ajiandikishe!"

Papa Grégoire hakukipokea cheti. Aliinuka, akampita, akafunga mlango kwa ufunguo. Alipogeuka, ule uso wa baba haukuwepo.

"Nani alikutuma kuimaliza?"