Kidole cha Kabula

Katika foleni ya wanaorudishiwa mashamba, zamu ilipowafikia wajane wawili wa mume mmoja, Nyamizi, mke mkubwa, alichovya dole gumba kwenye wino akalibonyeza kwenye kisanduku cha mjane katika fomu. Mistari yake ikatokea yote, safi. Kisha ikawa zamu ya Kabula, mke mdogo. Karani alimjaribisha mara tatu pembeni, na mara tatu likatoka doa jeusi tupu.

“Mama, kidole chako hakisomeki, na jina lako humu silioni. Nitajuaje kama shamba linakuhusu?”

Kabula akakificha kidole ndani ya khanga kama aliyefumaniwa.

Nyamizi alilitazama lile doa, kisha alama yake mwenyewe. Miaka yote ile yeye alikaa mjini na mume wao, dukani. Kabula alibaki na jembe mpaka siku wanakijiji walipofukuzwa mashambani. Sasa angenyamaza tu, shamba zima lingekuwa lake.

“Mistari yake imeishia kwenye mpini,” alisema. “Huyu ni mke mwenzangu, na shamba kalilima yeye. Mwandike.”

“Lakini mama, nafasi ya mjane ni moja.”

“Basi tutabanana humo humo.”

Akautoa mkono wa Kabula kwenye khanga, akakichovya kidole taratibu kama anayemnawisha mtoto, akakibonyeza kando ya alama yake. Karani alibaki ameushika muhuri hewani, akiitazama karatasi. Wale wanawake walisubiri, mikono yao bado imeshikana, wino ukiwakaukia vidoleni.