Nukta za Siwema

Siku ile mjinga alikuwa Mwinjuma mwenyewe, na ujinga aliuanza asubuhi, uji haujapoa. Mikono yake ilikuwa haishiki tena kalamu, kwa hiyo riwaya yake ya mwisho aliitamka akiwa kitandani, mkewe Siwema akiandika, beseni la kutemea likiwa katikati yao.

Mwandishi huyu aliipenda alama ya mkato kama wengine wanavyopenda tumbaku. Sentensi zake zilizoea kutembea ukurasa mzima bila kuketi. Basi akachukua karatasi za jana, akazisogeza karibu na pua, akaona nukta. Nukta kila baada ya maneno manne matano, zimetapakaa kama mavi ya mbuzi njiani.

"Mama Rehema, nani kakutuma unimwagie nukta hizi? Mimi naandika telegramu?"

"Kunywa uji, Baba Rehema."

"Sinywi! Umenikatakata kama bamia. Maisha yangu yote nimeandika kwa mikato, leo wewe ndiye wa kunizika kwa nukta?"

Alitaka kuendelea, kikohozi kikamdaka. Siwema akamshika mgongo, akangoja mpaka kikatulia, akamfuta damu mdomoni kwa upindo wa khanga. Kisha akaokota kalamu iliyoangukia shukani.

"Haya, sema sentensi nzima kwa pumzi moja, nami nitakuwekea huo mkato wako. Nukta naziweka pale unaponyamaza, nisijue kama utaendelea."