Kiti Kimoja Pungufu

Kutwa nakamua kondoo, nikiwaona wanavyopigana vikumbo horini, hadi aliye mzee huambulia makapi yaliyolowa mate ya wenzake. Nikirudi nyumbani ni yaleyale, maana sheria inataka kila meza ipungukiwe kiti kimoja, na atakayekikosa asubiri mabaki.

Leo binti yangu Sekela alimpiga bibi yake kikumbo, akakaa. Mchuzi ukamchuruzika kidevuni.

“Huna haya, mtoto we? Mpishe bibi!” nilifoka.

“Si umpishe wewe, mama,” alijibu, akitafuna mdomo wazi.

Mama mkwe alisimama ukutani, akinitazama. Nilikusudia kuinuka, Mungu ni shahidi. Lakini ugali ulikuwa bado wa moto.

Nikatanua viwiko.