Gari Lililopita Kimya

Tangu ving'ora vipigwe marufuku, gari la wagonjwa hupita mtaani kwetu kimya. Habari zake huwafikia madereva peke yao, kwa kifaa kilichofungwa karibu na usukani.

Jumanne, saa nane mchana, lilikuja kumchukua mke wangu, Zena. Majirani walikuwa wakianua nguo, na hakuna aliyegeuza kichwa. Zamani king'ora kingewatoa wote nje kabla hajapandishwa garini, nami nisingehitaji kupiga hodi nyumba kwa nyumba kutangaza shida yangu. Jambo hilo sijawahi kulifanya.

Jioni nilirudi peke yangu. Daktari alisema tusubiri hadi asubuhi, tuone kama ataamka. Nilimkuta jirani yangu Mhando akiosha gari lake.

"Mzee mwenzangu, leo nimesifiwa!" alisema. "Pale kona ya shule kifaa kimeniambia, pisha kushoto. Nikapisha haraka, kikanishukuru kwa jina. Mke wangu mwenyewe hajanishukuru tangu tuoane."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa nane na kitu. Gari la wagonjwa."

"Lilimbeba nani?"

"Nani ajue? Kifaa hakisemi." Akakamua kitambaa chake. "Na shemeji, hajambo?"

Swali hilo nimefundishwa jibu lake tangu utoto, na kinywa kilitangulia.

"Hajambo," nikasema.

Nilisimama kidogo, nikingoja aulize tena. Alikuwa ameshainamia gurudumu.

"Msalimie sana," alisema.

"Zimefika," nikajibu, nikaingia ndani.